Ukimaliza, Sema Ova

Siku yangu ya kwanza kazini niliondolewa kwenye kiti kabla sijakipasha moto. Ilikuwa Kitui mjini, katika chumba kidogo nyuma ya ofisi za misheni iliyokuwa na hospitali Mwingi na zahanati zake huko kaskazini. Mle ndani mlikuwa na meza, redio ya kijivu yenye ukubwa wa sanduku la mwanafunzi wa bweni, betri za lori sakafuni, na Msimamizi wa Redio, Bwana Mulwa, mtu mrefu aliyevaa tai hata Jumamosi. Alinipa maiki, akanionyesha kitufe cha ubavuni na kusema, "Haya, Miss Ndunge, ita Mwingi uwaulize kama dawa zimefika."

Nikabonyeza. Na kwa kuwa nililelewa na mama mwenye adabu, nikaanza kusalimia. Niliuliza wameamkaje, kama kwao kumenyesha, kama mbuzi wako wazima, kama kunde zimeshika maua. Sikuuliza dawa. Tena sikuachilia kitufe. Redio ya aina ile ukiibonyeza unasema wewe peke yako, na mpaka uachilie ndipo unasikia wa upande wa pili. Kule Mwingi opereta alikuwa akijaribu kunijibu, nami nilikuwa nimeshafika kwa afya ya shangazi zake.

Bwana Mulwa akaninyang'anya maiki. "Huyo mtu umemuuliza maswali ya mwaka mzima na hujampa nafasi ya kujibu hata moja," akasema. "Ukimaliza, sema ova. Ova maana yake mimi nimefunga mdomo, sasa fungua wako. Toka kwa kiti, keti pale, usikilize mpaka jioni."

Nikaketi pale. Kwa mtu wa maneno mengi kama mimi, adhabu ile ilikuwa kali kuliko viboko.

Neno lenyewe nililijua kabla ya hapo, ama nilidhani nalijua. Shuleni mwalimu wa Kiingereza alitufundisha kwa mbuzi anayeruka ua: amepita juu, ova. Mafundi wa magari walivaa ovaloli. Baba yangu alipokuwa kibarua alipenda ovataimu na kuichukia siku hiyohiyo. Barabara ya Garissa madereva walikuwa wakiovateki vibaya, na malori ya ng'ombe yalipita yakiwa yamebeba ovalodi. Mhubiri wetu akimwombea mgonjwa alipaza sauti kwamba ugonjwa umekwisha, it is over, na kanisa zima likaitikia. Hadi leo wajukuu wangu wakishindwa kwenye michezo yao ya simu husema gemu ni ova. Kote huko neno hilo ni la kupita kiasi, ama la kumaliza. Redioni pekee ndiko nilikolikuta likifanya kazi ya kumkaribisha mwenzako, na hilo lilinishangaza sana.

Bwana Mulwa alinifundisha mengine yote. Alinifundisha kuongeza maji ya betri bila kuchoma sketi kwa asidi, na kuelekeza antena, ule waya mrefu uliofungwa kati ya milingoti miwili nje, ili sauti isipotelee Tanzania. Masafa, aliniambia, ni kama njia ya ng'ombe: ukitoka nje kidogo tu uko kwenye shamba la mtu. Alinifundisha roja, yaani nimesikia. "Nimesikia, sio nimekubali," alikazia. Alinifundisha stendi bai, yaani ngoja papo hapo usiondoke. Na alichukia mno watu wanaosema "ova endi auti" kama wanavyosikia kwenye filamu. Auti ndiyo ya kuaga. Ukiyasema yote mawili umemkaribisha mgeni huku ukimfungia mlango.

Lakini sheria yake kubwa sikuipenda. Kila nilipomwita opereta mwenzangu kwa jina, ama nikamwita dada, aligonga meza kwa penseli. "Hewani hakuna dada," alisema. "Hewani hakuna mama wala shemeji. Kuna vituo. Kituo kinaita, kituo kinajibu." Nilimwona mtu mkavu asiye na jamaa. Nyumbani nilimwiga mbele ya dada zangu, nikigonga meza kwa mwiko, tukacheka mpaka machozi.

Baadaye nikahamishiwa Mwingi, hospitalini penyewe. Bosi wangu huko alikuwa Metroni, mkuu wa wauguzi, mama mnene mwenye hatua nyepesi, ambaye hakuuliza swali ila alikuwa tayari analijua jibu. Chumba cha redio kilikuwa karibu na lango, na asubuhi na alasiri kulikuwa na saa ya wito, ambapo zahanati zote ziliita kwa zamu: nani anahitaji chanjo, nani ana mgonjwa wa kuchukuliwa. Benchi la nje halikukosa watu wa kusikiliza, maana dirisha lilikuwa wazi. Mji mzima ulilichukua neno letu pale dirishani. Mzee Hassan, mwenye duka la nguo mkabala na lango, alikuwa akitaja bei ya leso, anakunja mikono na kusema, "Ova." Basi mteja naye anajua ni zamu yake kulia. Mume wangu, marehemu sasa, aliwaambia watu kwamba tangu niajiriwe nyumba yake imepata amani, kwa sababu mke wake amejua kuna kitu kinaitwa zamu. Alikuwa akinichokoza, lakini kulikuwa na ukweli.

Nawaambia sasa habari ya siku moja ya mvua, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii kwa moyo wote.

Dereva wetu wa ambulensi aliitwa Kilonzo, kijana mpole, mcheshi wa chinichini, aliyeipenda landirova yake kiasi cha kuipangusa taa kwa shati lake. Mke wake, Mueni, alikuwa mjamzito. Alikuwa amekwenda kwao, ng'ambo ya mto, kumsaidia mama yake kuvuna pojo, na kila mtu alijua siku zake bado. Mvua ikaja nzito huko juu. Kwetu mito ni ya mchanga. Mwaka karibu wote ni mikavu, watu wanachimba visima humo na punda wanapita. Lakini mvua ikinyesha juu, mto unakuja kwa mara moja na hauulizi mtu.

Alasiri ile zahanati ya ng'ambo iliita kabla ya saa ya wito. Alikuwa Nasi Fridah, muuguzi wa huko, msichana wa Nunguni kama mimi, ambaye alikuwa hata hajamaliza kuyazoea maji ya huko. "Mwingi, Mwingi, hapa ni Zahanati. Mueni wa Kilonzo ameletwa hapa na mama yake. Mtoto amekaa vibaya na damu inatoka. Hapa siwezi kumsaidia. Leteni gari haraka. Ova."

Kilonzo alikuwa amesimama dirishani akila mkate. Sikuhitaji kumtuma. Nilisikia landirova ikiwaka kabla sijajibu roja.

Mtu akiwa njiani, opereta hana kazi ila kungoja, na kungoja ndiyo kazi ngumu. Metroni alikuja akasimama nyuma yangu. Nasi Fridah akaita tena: hawezi kumwacha mgonjwa hata kidogo, na katika zahanati nzima hakuna mtu mwingine ila mama yake Mueni, je, amwachie yeye maiki? Sheria ilikataza mtu asiye mfanyakazi kugusa redio. Nikageuka kumtazama Metroni. Akasema, "Mwache ashike."

Kisha gari likaita. Landirova ilikuwa na redio yake, na hewani kila kituo kinasikia kila kituo.

"Zahanati, Zahanati, hapa ni Gari. Niko mtoni. Drifti imefunikwa yote, siioni." Drifti ni ile saruji inayolazwa chini mtoni magari yapite. "Nipite wapi? Ova."

Tukasikia maiki ikibonyezwa, na sauti ya mama mtu mzima ikasema, "Hallo?" Halafu kimya. Tukangoja gari liseme. Gari nalo kimya. Nilidhani betri ya zahanati imekufa, maana mawingu yalikuwa yameifunika sola yao siku nyingi. Nikaita, "Zahanati, hapa ni Mwingi. Mnanisikia? Ova."

"Nakusikia, mwanangu," yule mama akajibu polepole, kwa Kikamba. "Lakini huyo ni mkwe wangu. Nitaongeaje na yeye?"

Hapo nikaelewa. Nyinyi vijana wa leo mnakaa meza moja na mama mkwe, mnapiga picha mmekumbatiana. Kwetu kulikuwa na nthoni, heshima ya ukwe. Mwanamume na mama mkwe wake hawakusemezana. Wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawakutajana majina, hawakula pamoja. Mijini na makanisani ilikuwa imeanza kulegea, lakini ng'ambo ile ya mto ilikuwa bado imekaza, na yule mama hakuwahi kumsikia Kilonzo akimsemesha tangu amwoe binti yake.

Nikaliita gari. Kilonzo akajibu. "Ndunge, huyo ni mama ya Mueni. Mimi siwezi. Nipe nasi. Ova."

"Nasi ako na bibi yako, hawezi toka. Ova."

"Sasa nitafanya nini? Nikimkosea heshima leo, leo hii Mueni akiwa hivyo..." Hakumaliza, wala hakusema ova. Aliachilia tu kitufe.

Nilimwelewa vizuri. Aliogopa mto, lakini aliogopa zaidi kuleta mkosi juu ya mke wake katika saa ile ile ya kujifungua. Na ng'ambo ya pili mama aliogopa jambo hilo hilo. Mueni alikuwa kati yao akimwaga damu, na watu wawili waliompenda kuliko wote duniani walikuwa wamenyamaza kwa ajili yake. Nilitaka kulia. Ningeweza kusema nao kwa zamu nikawapelekea maneno, lakini mto ule sikuujua. Neno moja la njia nikilipindua, gari lingekwenda na maji.

Ndipo nikaisikia ile penseli ya Bwana Mulwa ikigonga meza. Hewani hakuna mama wala shemeji. Kuna vituo.

"Zahanati, hapa ni Mwingi," nikasema. "Mama, nisikilize. Huku hewani hakuna mkwe wa mtu. Kuna Mwingi, kuna Zahanati na kuna Gari, basi. Wewe leo ni Zahanati. Usimwambie Gari neno lolote. Niambie mimi. Mimi Mwingi nataka kujua, mto ukija, punda wako huwa wanavukia wapi? Sema na mimi tu, na ukimaliza sema ova, uachilie. Ova."

Metroni akainama karibu na redio.

"Mwingi," mama akasema, na safari hii sauti ilikuwa imenyooka, "mimi ni Zahanati. Punda wangu hawapiti drifti mto ukija. Wanapanda juu, wanaacha migunga mkono wa kulia, mpaka pale tunachimba visima. Chini ya mchanga pale kuna mwamba umekata mto wote. Maji yanatanda lakini hayana nguvu, hayafiki goti la punda. Ova."

Nikabonyeza. "Roja, Zahanati. Nimesikia. Gari, unaniambia nini mimi? Ova."

"Mwingi, hapa ni Gari," Kilonzo akasema, na nilisikia kwamba ameelewa. "Nauliza wewe Mwingi. Hiyo migunga ni ile iko na mizinga ya nyuki ama ile ilianguka? Ova."

Sikurudia swali. Hakukuwa na haja.

"Mwingi, ni ile ya mizinga," mama akajibu. "Ova."

"Mwingi, nimefika kwa mizinga. Naona visima vimejaa. Mwamba unaanzia wapi? Ova."

"Mwingi, unaanzia kwa jiwe jeupe la kufulia nguo. Unapinda kidogo kwenda juu, haunyooki. Punda hufuata vile unapinda. Ova."

Wakaendelea hivyo, kila mmoja akisema na mimi, na mimi sisemi kitu ila kuacha nafasi. Mwisho mama akaongeza ambalo hakuulizwa. "Mwingi, kama kuna mtu anataka kuvuka hapo, ashuke kwanza aguse maji na fimbo. Asikimbie. Huyu msichana wangu bado ana nguvu, atamngoja. Ova."

Baada ya hapo gari lilinyamaza. Ova ya mwisho ilikuwa imesemwa, zamu ilikuwa ya Kilonzo, na hakuichukua. Mkono wa Metroni ulikuwa begani kwangu, mzito. Nje benchi lote lilikuwa limesimama, na Mzee Hassan alikuwa amevuka barabara akaacha duka wazi. Niliomba ile sala ambayo haina maneno.

"Mwingi," redio ikasema, "Gari imevuka. Ova."

Kabla sijabonyeza, zahanati iliniwahi. "Mwingi, Zahanati imesikia," mama akasema, halafu akasahau kuachilia kitufe, na tukamsikia akilia, akilia na kumshukuru Mungu, masafa yote yakiwa yake. Kwa sheria nilipaswa kumkatiza. Sikuthubutu.

Waliirudia njia ile ile. Mueni alilazwa nyuma ya gari na nasi, na mama yake akaketi hapo hapo chini, amejifunika leso uso mzima, amempa dereva mgongo. Mueni alipasuliwa jioni hiyo. Mtoto alikuwa mvulana, na alilia kwa nguvu mpaka mimi nikasikia kwenye chumba changu. Mama na mtoto walikwenda nyumbani wazima.

Bwana Mulwa alipokuja ukaguzi aliingia, akavuta kiti, akanitazama. "Nimesikia ulimpa raia redio," akasema.

"Nilimpa jina la kituo, bwana."

Akaikaza tai yake, ambayo haikuwa imelegea. "Roja," akasema, akatoka. Nimeshaeleza kwamba roja si kukubali, lakini nilimwona akicheka mlangoni.

Kilonzo alinisumbua kwa jambo moja miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. "Ndunge, ile asante ya yule mama bado iko hapa kwa koo," aliniambia, akijigusa shingo. Alimpelekea sukari, blanketi, mbuzi, kila mara kupitia kwa Mueni. Lakini zawadi ya mkwe hupelekwa na kila mkwe. Asante ya siku ile ilikuwa kitu kingine, na haikuwa na njia ya kupita.

Mimi nilimalizia kazi Mbumbuni. Huko ndiko nilikoona simu za mkononi zikifika, na redio yangu ikaanza kunyamaza siku nzima. Nilifuma kitambaa nikaifunika. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na keki, na msimamizi kijana akatoa hotuba ndefu isiyo na mahali pa mtu mwingine kusema. Nilikuwa nimeketi pale nikimwangalia, nikitamani penseli.

Sasa niko nyumbani Nunguni, kwenye baridi yangu na miti yangu ya parachichi. Nilidhani kazi yangu imekufa mimi nikiwa hai. Halafu mjukuu wangu Mwende akanionyesha namna ya kutuma ujumbe wa sauti kwa simu. Unabonyeza, unasema, unaachilia, unangoja. Nikamwambia, "Wee, mnanicheka na redio yangu, na hii ni nini?" Tangu hapo natuma kwa watoto wangu, na kila nikimaliza nasema ova. Wanacheka. Mwende mwenyewe anasema yeye ako ova yule kijana wa mjini Wote, yaani amemwondoa moyoni. Neno halichoki kutafuta kazi.

Nikamwomba anitengenezee grupu ya watu watatu. Kilonzo amestaafu, anaishi Mwingi na Mueni wake. Mama yake Mueni ni mkongwe sana sasa, macho hayaoni, ila masikio ni yale yale, na jirani humshikia simu. Tukaiita Redio. Nikawaeleza sheria: hakuna kumsemesha mwingine, kila mtu anasema na Mwingi. Mwingi ni mimi, hata kama nimekaa Nunguni.

Wiki kadhaa zilikuwa za habari ndogondogo. Kumenyesha, hakujanyesha, kuku ameangua. Kila mmoja ananiambia mimi, na ninajua nani anasikiliza. Mwezi uliopita mvua ilianza, na asubuhi moja nikakuta ujumbe wa mama. "Mwingi, Mwingi, hapa ni Zahanati. Mto umekuja. Nasikia yule mjukuu wangu wa siku ya mvua anataka kunitembelea na gari yake. Mwambie baba yake amwonyeshe pale kwa punda. Ova."

Kilonzo alikawia. Niliona simu ikinionyesha kwamba anarekodi, kisha anaacha, kisha anarekodi tena. Chai yangu ikapoa. Nilijua ni nini kilichokuwa kikipanda kooni mwake, nami sikusema kitu, kwa kuwa haikuwa zamu yangu.

"Mwingi, hapa ni Gari," akasema mwishowe, sauti ya mzee sasa. "Mwambie Zahanati nitamwonyesha. Na umwambie asante. Ile ya mtoni. Ova."

Tukangoja, yeye Mwingi na mimi Nunguni. Halafu simu ikalia mkononi mwangu.

"Mwingi, hapa ni Zahanati," mama akasema. "Mwambie Gari hiyo niliisikia siku ile ile, aliposema amevuka. Ova."